Mwadhini na Ndege wa Mgongo wa Kijani

Mwavuli wangu ulirudi na tundu. Nilikuwa nimeupeleka kwa mwadhini wetu aunganishe njiti moja iliyovunjika, naye akakaa nao mpaka msimu wa mvua ukaisha bila mimi kuufungua. Njiti aliiunganisha, tena vizuri, kwa spoki ya baiskeli. Lakini kwenye kitambaa, mahali ambapo jicho hufika mtu akiwa amechuchumaa nyuma ya mwavuli uliolazwa chini, palikuwa na tundu la mviringo lililokatwa kwa mkasi, na juu ya tundu hilo kiraka cheusi kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.

"Hiki ni nini, Mwadhini?"

"Kiraka, Maalim."

"Naona ni kiraka. Tundu limetoka wapi?"

"Nililikata mimi."

"Kwa nini ukate mwavuli wa mtu?"

"Nisingeweza kumwona," alisema, akainama kuendelea na mwavuli wa mteja mwingine, kana kwamba jambo lilikuwa limekwisha elezwa.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila jirani aliyenipa. Nimewafundisha watoto wa madrasa kwa miaka mingi kwamba jirani ni amana. Lakini ziko amana nyepesi na ziko nzito, na mtu huyu alinifanya niombe subira mara nyingi kuliko maradhi yangu yote yakijumlishwa.

Kyebando nzima, mtaa wetu wa Kampala, ilimwita Mwadhini, na mimi sitamwita vinginevyo. Wakatoliki walimwita Mwadhini. Watoto wake wakitumwa dukani walisema wametumwa na Mwadhini. Kazi ya kuadhini haikumlisha. Uliomlisha ni mwavuli. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, penye maduka machache, na kwa miaka ile hakuna fundi aliyekuwa na kazi nyingi kama yeye. Ilikuwa ni wakati wa serikali ya jeshi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa nchini, maduka yao yakapewa watu waliouza kilichokuwa rafuni kisha wakakaa kwenye viti wakitazama rafu tupu. Sukari haikuonekana, chumvi haikuonekana, sabuni tulipeana vipande. Mwavuli mpya tuliusahau. Kwa hiyo wa zamani ulitengenezwa, ukatengenezwa tena, mpaka ukabaki na mpini tu wa asili.

Naye alikuwa fundi hodari, hilo sikatai. Shida ni kwamba mwavuli wako ukiingia kibandani mwake ulikuwa haujulikani utatoka lini, na kabla ya kutoka ulikuwa umesafiri. Nakumbuka mama mmoja muuza mihogo alisimama mbele yake mvua ikimnyeshea kichwani.

"Ssebo, bwana, mwavuri wangu uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Niliuacha msituni, chini ya mti. Nikirudi wiki ijayo nitauchukua."

"Msituni? Mwavuri wangu unafanya nini msituni?"

"Unangoja," akasema.

Baadaye, ukitembea Kyebando siku ya mvua, ungeweza kuitambua miavuli iliyofika msituni. Yote ilikuwa na kiraka kidogo mahali pamoja.

Kisa cha yote hayo kilikuwa ndege. Simaanishi kwamba alipenda ndege, kama watu wengine wapendavyo kufuga njiwa. Alipenda ndege mmoja, wa aina moja, anayeishi katika msitu mkubwa wa njia ya Jinja. Ndege huyo ana jina lake katika vitabu vya wataalamu, lakini Mwadhini hakulitaka. Alimwita Bwana Harusi. Nilisimuliwa habari zake mara nyingi mno hata ningeweza kumchora nikiwa sijapata kumwona: mgongo wa kijani kinachong'aa, mkia mrefu, mdomo wa njano, na tumbo jekundu. Juu ya tumbo hilo Mwadhini aliweza kuzungumza kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Chakula chake ni viwavi, vunjajungu na wadudu wengine wa majani. Hukaa wima tawini bila kutikisika, na ajabu yake, alivyosema Mwadhini, ni kwamba mtu akikaribia yeye humgeuzia mgongo. Basi unaona kijani katikati ya kijani. Ule wekundu wote anauficha upande wa pili.

"Ndiyo maana hujamwona, Maalim. Umepita chini yake mara nyingi."

"Sijapita popote. Mimi nakaa Kyebando."

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Darubini aliipata kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa aliyekuwa mteja wake. Wiki Wahindi walipokuwa wakiondoka, watu walipita wakibeba vitanda, friji, mashine za kushona. Mwadhini alirudi nyumbani na darubini iliyopasuka kioo kimoja, akiwa na furaha kuliko wote. Mke wake, Mungu amrehemu, alimwuliza kama aliuliza pia habari ya cherehani. Hakuwa ameuliza.

Kwa adhana yake nitasema haki. Sauti ilikuwa nzuri, nzito, haina pambo lisilohitajika, na ilipopanda asubuhi hata wasiokuwa Waislamu walisema siku imeanza vizuri. Lakini mnajua kwamba mwadhini anapoita watu waje kwenye sala hugeuza uso kuume, na anapowaita waje kwenye kufaulu hugeuza uso kushoto. Upande wa kuume wa ngazi yetu ya kuadhinia palikuwa na mvule mkubwa. Akigeuza uso kuume, alikaa huko. Sisi chini tulisimama na udhu wetu tukingoja, mpaka kushoto kukumbukwe. Nilimwambia si adabu. Alisema alikuwa anavuta pumzi. Nikamwambia nilimwona akitazama mti. Akasema mtu anaweza kuvuta pumzi huku anatazama mti.

Tena alitumia koo lile lile kumwita ndege. Aliziba mdomo kwa viganja viwili na kutoa mlio wa chini, huu-huu, huu-huu, polepole kisha kwa nguvu zaidi, na alifanya mazoezi kibandani, watu wakidhani anaumwa tumbo. Nilimwonya kwamba sauti aliyopewa kwa ajili ya ibada anaipeleka kwa mdudu wa msituni.

"Si mdudu. Anakula wadudu."

"Nimekuelewa, Mwadhini."

"Basi usimwite mdudu."

Msidhani kwamba alikuwa shujaa. Aliogopa mbwa. Jirani yetu mmoja, sajini wa jeshi kutoka kaskazini, alikuwa na mbwa mwekundu, mnene, mvivu, asiyeweza kumfukuza hata kuku, na Mwadhini alizunguka mtaa mzima asipite mbele ya lango lile. Aliogopa radi. Aliogopa ng'ombe. Lakini kila wiki alipanda basi la Jinja, akashuka njiani mahali pasipo na nyumba, akaingia katika msitu ambao siku zile watu hawakuwa wakienda, walikuwa wakipelekwa. Kila mtu Kampala alijua hivyo na hakuna aliyesema. Mtu akikosekana kwake, ndugu zake walitamani kusikia kwamba yuko Luzira, kwa sababu Luzira ni gereza lenye mlango, na mlangoni unaweza kupeleka chakula.

Hata elimu yake ya ndege huyo sikuiamini yote. Alinieleza kwa uso mkavu kwamba Bwana Harusi hukaa ameelekea kibla. Nikamwuliza, "Si ulisema juzi ulimkuta ameelekea Jinja?" Akafikiri. Akasema, "Alikuwa safarini. Msafiri ana ruhusa." Nilisoma miaka mingi kwa masheikh wenye heshima zao, na sijapata kukutana na hoja ya namna hiyo.

Kutokana na hatari ile nilimwita siku moja baada ya sala, nikamkalisha kwenye mkeka. Nilimwambia kwamba barabara ya Jinja ina vizuizi vya askari, na kwamba ipo siku atasimamishwa na darubini shingoni.

"Wakikuuliza, sema ulikwenda kuchimba dawa. Mizizi. Kila mtu anachimba mizizi sasa, hospitali hazina kitu."

"Lakini sichimbi."

"Najua huchimbi. Kusema uongo kwa ajili ya kuokoa roho kumeruhusiwa. Nakuambia mimi, niliyesoma."

"Mimi nimeruhusiwa," akasema. "Na yeye je? Nimgeuze mzizi?"

Niliinuka nikaenda kutawadha upya, maana hasira nayo ni moto.

Siku aliyokamatwa nilikuwa nafundisha nyumbani kwangu, ambako ndiko madrasa ilikuwa. Sajini yule mwenye mbwa aliingia madrasa amevaa sare, akavua viatu mlangoni, kwa kuwa ingawa yeye alikuwa Mkatoliki, mke wake alikuwa Mwislamu na alimfunza. Mkononi alishika mwavuli wangu. Siku mbili kabla Mwadhini alikuwa ameniomba niurudishe kibandani aukaze mpini, na mimi, kwa kutojifunza, nikaurudisha.

"Maalim," alisema kwa Kiswahili chao cha kambini, "hii mwavuli iko na jina yako."

Ilikuwa kweli. Miavuli yetu yote ni myeusi, na mlangoni pa msikiti ilikuwa ikibadilishana wenyewe kila Ijumaa, basi wake zetu walishona majina kwa ndani. Mke wangu aliposikia akatoka jikoni, akaiona kazi ya mkono wake katika mkono wa askari, akakaa ghafla juu ya gunia la mkaa.

"Mutu yenu imeshikwa kwa kizuizi," Sajini akaendelea. "Anatoka msitu na darubini, na hii mwavuli iko na tundu. Kiraka yake ametoa. Kapteni nasema, mwavuli ya tundu ni ya kupeleleza. Nauliza ni ya nani. Mimi nikasema, namjua mwenyewe, acha mimi niende. Wangetuma gari, Maalim. Unajua ile gari."

Niliijua. Nikawaambia watoto wasome Yasini mpaka nirudi, nikafuatana naye hadi kambini.

Kapteni alikuwa kijana, msafi, viatu vinang'aa. Alikuwa akitafuna miraa polepole. Mwadhini aliketi sakafuni karibu na ukuta, jicho moja limevimba, kofia yake mapajani. Aliponiona alisema, "Maalim, samahani, mpini sijaukaza."

"Huyu mzee wako," Kapteni akaniambia, "nasema alienda msituni kuangalia ndege. Kwa saa hii ya nchi yetu. Ndege!"

"Afande, ni mwadhini wetu. Hana ubaya. Ana..." Nilitafuta neno. "Ana mazoea."

Kapteni alimtazama Mwadhini kwa muda, na naamini mpaka leo kwamba alikuwa akitafuta njia ya kumwacha, kwa sababu alisema taratibu, "Mzee. Labda ulienda kuchimba dawa?"

Nyuma ya Kapteni, Sajini alitingisha kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo. Mimi nilimkazia Mwadhini macho hadi yakauma. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa anahitaji neno moja.

"Hapana, afande," Mwadhini akasema. "Ndege."

Kisha akaanza kumweleza. Mkia, mdomo, mgongo. Kapteni aliacha kutafuna.

"Mimi napita msitu ile miaka yote. Sijaona ndege nyekundu."

"Huwezi kumwona, afande. Wewe ukija, anakupa mgongo."

Katika nchi ile, wakati ule, hakuna kiumbe aliyempa ofisa mgongo akabaki hai kusimuliwa habari zake. Kapteni akakunja mikono.

"Kesho asubuhi mtanionyesha. Wewe na huyu mwenye mwavuli. Nikiona, mnakwenda nyumbani. Nisipoona, mmepata msitu wenu."

Nililala kwenye sakafu ya kambi pamoja na Mwadhini. Nilitamani kumlaumu, lakini alikuwa amekwisha sinzia.

Tulikwenda kwa lori. Tukashuka barabarani, tukaingia kwa miguu: Kapteni, askari wawili, Sajini, Mwadhini mbele, na mimi nikisoma kila nilichohifadhi. Mwadhini alikwenda kama mtu aliye kwake. Alisimama mara kwa mara akisikiliza, na ndege wadogo walikuwa wakipiga kelele mahali fulani chini ya vichaka. Mwishowe akafika penye miti mikubwa, akamshika Kapteni mabegani, naam, alimshika ofisa mabegani, akamsogeza kidogo kushoto.

"Hapa, afande. Usitikisike."

Akawapanga askari mmoja mmoja kama anavyonyoosha safu ya sala. Kisha akaziba mdomo kwa viganja. Huu-huu. Huu-huu. Akangoja, akarudia. Na kutoka ndani ya msitu kitu kikamjibu kwa sauti ile ile.

"Yule pale," akanong'ona, akinyoosha kidole.

Tulitazama wote. Niliona tawi. Niliona majani.

"Naona majani," Kapteni akasema.

"Ametupa mgongo. Ngoja kidogo, afande."

Tulingoja. Sajini, aliyekuwa na huruma ya kweli, aliinama akaokota bonge la udongo. "Mimi natupa kidogo tu," alisema. "Itageuka."

"Usitupe!" Mwadhini akamgeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Ana makinda kwenye tundu la mti. Akifukuzwa hatarudi."

Shingo yake ilikuwa kwenye kitanzi. Yangu ilikuwa kando ya yake. Bonge moja la udongo lingetutoa. Na yeye anazungumzia makinda.

"Mzee," Kapteni akasema, na nikasikia kifungo cha mkoba wa bastola kikifunguliwa, "mimi nimechoka na majani."

Hapo nilifumba macho nikamwomba Mola wangu. Sikuomba kwa ufasaha. Nilisema tu, utuokoe, utuokoe, na huyu pia, ingawa hasaidii.

Nikasikia Kapteni amepiga ukelele. Nilidhani ndiyo mwisho, nikasoma shahada, nikasubiri mlio. Haukuja. Kilichokuja ni makofi, mtu anajipiga mapajani, na mwingine anatukana kwa lugha ya kwao. Nilipofumbua, jeshi lilikuwa linacheza ngoma. Askari mmoja amekaa chini anavuta buti. Sajini anajikung'uta mgongo. Na Kapteni msafi amesimama mguu mmoja, mkanda umefunguliwa, suruali ameishika kwa mkono, siafu wamempanda mpaka kiunoni. Halafu akatulia ghafla hivyo hivyo, mdomo wazi, anatazama juu.

Nikatazama alikotazama yeye na Sajini. Tawi lilikuwa linabembea. Halikuwa na kitu.

"Mungu wangu," Kapteni akasema polepole. "Iko nyekundu yote."

"Siafu wanapopita, wadudu hukimbia, na wale ndege wadogo hupiga kelele," Mwadhini akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayefundisha. "Yeye hushuka kuwanyakua. Akishuka hawezi kuficha tumbo."

Kapteni alimgeukia. Alikuwa bado ameshika suruali. "Ulijua siafu ziko hapa?"

"Ndiyo, afande."

"Na ukanisimamisha juu yake?"

"Ungesimama pengine usingemwona."

Nilirudia shahada, kwa tahadhari. Miaka ile hakuna aliyejua ofisa atachekea nini. Lililomchekesha leo lingeweza kukuua kesho. Alhamdulillahi, ilikuwa leo. Kapteni alicheka mpaka akaegemea mti, askari wakacheka kwa kuwa amecheka, Sajini akacheka huku machozi yakimtoka, nami sijui kama yalikuwa ya siafu. Kisha akafunga mkanda, akachukua darubini kutoka shingoni mwa Sajini aliyekuwa ameibeba, akaivaa mwenyewe, akanirushia mwavuli. "Nendeni," alisema. "Na hii kitu mimi nabaki nayo."

Sajini alitusindikiza mpaka barabarani, tukasimama kungoja basi. Mwadhini alikuwa kimya. Nilifurahi, nikadhani anamshukuru Mungu kwa uhai wake. Basi lilipokuwa linaonekana kwa mbali, alinigeukia, jicho lake bado limevimba, na uso umejaa kitu kama mwanga.

"Maalim, ulimwona?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho."

Mwanga ukazimika. "Umefumba macho?"

"Nilikuwa naomba dua! Naiombea shingo yako!"

"Mwenyezi Mungu angekusikia hata ukiwa umefumbua."

Hakunisemesha tena mpaka Ijumaa. Na aliponisemesha, ilikuwa kuniomba, mimi, niende kambini kumwomba Kapteni darubini. Alisema mimi najulikana kule.

Sikwenda. Mnielewe. Nimesamehe mengi katika maisha yangu, kwa neema ya aliyenisamehe mimi, lakini nilikaa wiki kadhaa nikipita mbali na kibanda kile kama yeye alivyopita mbali na mbwa. Yeye aliendelea kwenda msituni bila darubini, na kila aliporudi alinikuta msikitini na swali lilikuwa moja. "Utakwenda lini, Maalim? Ulifikishwa mpaka pale ukafumba macho." Aliliuliza mbele ya watu. Aliliuliza kwenye harusi ya binti yangu. Serikali ile ilipoanguka, milio ya risasi ikiwa bado inasikika upande wa mjini, Sajini na mke wake walipakia vitu vyao wakaelekea kaskazini, mbwa amekaa juu ya magodoro, na wala hawakurudi. Tulisimama langoni kuwaaga. Mwadhini, mara ya kwanza na ya mwisho, alifika mpaka karibu na mbwa yule. Alimshika Sajini mkono akamwambia, "Wewe angalau ulimwona." Kisha akanitazama mimi.

Miaka ikapita. Mke wa Mwadhini akafariki, macho yake mwenyewe yakaanza kufunikwa na ukungu mweupe, akaacha kupanda ngazi za kuadhini, akahamia Kasubi kwa binti yake. Nilikwenda kumzuru kila mara nilipoweza. Mara ya mwisho nilimkuta uani, juu ya kigoda, njiti za mwavuli mapajani. Haoni, lakini vidole bado vilikuwa vinapinda waya. Nilimsalimu, akaitikia, akauliza hali ya magoti yangu. Nikamwambia. Hakusikiliza.

"Bado hujamwona?"

"Mwadhini, mimi ni mzee sasa."

"Ndiyo. Kwa hiyo."

Binti yake alikuwa mlangoni akizuia kicheko. "Mpeleke tu, Maalim," alisema. "Nyumba nzima itapumzika. Mume wangu atawapeleka na gari."

Basi niliishinda nafsi yangu, au yeye aliishinda, na asubuhi moja tulishushwa kando ya barabara ile ile. Mkwewe alibaki garini. Nilimwongoza Mwadhini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nilijiegemeza kwenye mwavuli wangu wa siku zote, wenye kiraka cha uzi wa kijani. Miti mingi ilikuwa imekatwa pembezoni. Ilitubidi kwenda ndani zaidi, magoti yangu yakilalamika, na yeye asiyeona ndiye aliyenielekeza. "Kushoto. Simama. Unawasikia wale ndege wadogo wanaopiga kelele chini? Twende huko."

Tulipofika penye miti mikubwa alinishika mabegani. Mikono ilikuwa miepesi kama ya mtoto. Akanisogeza kidogo.

"Hapa. Usitikisike."

Akaziba mdomo kwa viganja. Mlio ulitoka dhaifu, umepasuka katikati, nikaona aibu kwa niaba yake na nikaanza kuandaa maneno ya kumfariji. Akarudia. Akarudia tena. Kutoka ndani ya msitu akajibiwa.

"Amekuja," alisema. "Yuko mbele yako. Amekupa mgongo."

Nilitazama. Niliona tawi. Niliona majani. Ndipo nikahisi kitu kinapanda kifundoni mwa mguu wangu, kisha kingine, kisha vingi, na cha kwanza kikauma.

"Mwadhini! Umenisimamisha juu ya..."

"Najua. Usitikisike. Na Maalim," akasema, "usifumbe macho."

Walikuwa magotini. Nilikuwa na maneno mengi ya miaka mingi, nayo yote yakanijia kwa pamoja, na nilikuwa nimefungua kinywa ili niyaseme. Jani moja likadondoka kutoka juu. Halikudondoka, liligeuka.

Nikaganda.

"Umemwona?" aliuliza. Alikuwa amenielekezea uso, macho yake meupe yamefunguka kabisa.

"Nimemwona."

"Ni mwekundu?"

"Ni mwekundu."

"Mwekundu namna gani?"

"Mwekundu, Mwadhini. Mwekundu ni mwekundu."

Akashusha pumzi kama ninavyoshusha mimi mwanafunzi anapokosea aya ile ile kila siku. "Miaka yote hii nimekueleza vizuri," alisema. "Anza tena. Anza na kifua."

Basi nikaanza na kifua, polepole, nikitafuta maneno, na siafu wakaendelea kupanda.